Mlango Mmoja wa Politekniki

Vijana wenzangu, kwenye ile sherehe yenu ya soda na biskuti mliyonifanyia nilipostaafu, mliniomba niwaandikie siri ya kupeleka mtoto Politekniki. Nadhani mliamini nina dawa fulani niliyoificha kabatini. Sina. Nilichonacho ni kumbukumbu za kufundisha kuchora na jiometri hapa Kolwezi, na katikati ya kumbukumbu hizo kuna jambo moja lililonishtua kiasi kwamba nikilisimulia hata leo sauti yangu inapanda bila mimi kutaka. Mtanivumilia. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu vyeo nilipata vichache na mishahara mnaijua wenyewe.

Siku ya kwanza niliingia darasani na viatu vya kisigino, na sakafu ilikuwa imepasuka. Kisigino kikanasa. Wavulana wa mwaka wa tano walicheka, kwanza kwa sababu ya kisigino, halafu kwa sababu mwanamke alikuwa amekuja kuwafundisha kuchora vyuma. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Akaingia mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani, mtu mrefu mwenye koti lililojaa chaki, akaweka kompasi kubwa ya mbao juu ya meza yangu.

"Mama Prof, hii itakusaidia," aliniambia, kisha akawageukia wanafunzi. "Huyu njo atabafundisha namna kitu iko. Mi nabafundisha namna ya kuihesabu tu. Mwenye kucheka akuye ku ubao."

Hakuna aliyekuja. Huyo alikuwa Prof Kabeya, na kila ninachokijua kuhusu kazi hii nilikipata kwake. Alinifundisha kulowesha chaki kidogo ili mstari ukikauka uonekane mpaka nyuma ya darasa. Alinifundisha kwamba penseli ya kuchorea hainolewi kwa wembe peke yake, inamalizwa kwa msasa mpaka ncha iwe bapa. Alinifundisha pia kutomkatiza mwanafunzi anayekosea, bali kumwacha afike mwisho wa kosa lake, alitazame mwenyewe. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye alizaliwa hapahapa, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni, na Kasai alikwenda mara moja tu, kumzika babu yake, akarudi analalamikia mbu. Mimi ni Mluba wa kaskazini mwa Katanga, mkoa wetu huuhuu. Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kukaa tukajadili nani ametoka wapi, maana tulikuwa na madaftari ya kusahihisha.

Sasa niwaeleze milango, kwa sababu ninyi mmeikuta desturi hiyo imekufa.

Kuingia chuo kikuu cha Lubumbashi halikuwa jambo moja. Kila somo lilikuwa na tabia yake. Tiba ilipokea wengi mwaka wa kwanza, halafu mwisho wa mwaka ikawarudisha nyumbani karibu wote, na mama zao wakiwa wameshashona makoti meupe. Sheria ilijaa vijana wanaopenda kusikia sauti zao. Lugha ilimpokea yeyote aliyebaki, jambo lililomuumiza Kabeya, kwa kuwa alipenda Kilatini kuliko wanavyokipenda mapadri wengine. Kilimo hakuna aliyekitaka: wazazi walikuwa wamekimbia jembe ili walipwe na mgodi, na sasa mtoto arudi kwenye jembe kwa diploma? Politekniki ilikuwa nyingine kabisa. Huko hawakujali alama za mtihani wa serikali peke yake. Walikuwa na mtihani wao wa kuingia, hesabu asubuhi na kuchora baadaye, na kila shule iliruhusiwa kuleta mtahiniwa mmoja. Wanakupa koni iliyokatwa mshazari na kukuambia uichore inavyoonekana kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni. Nimeona vijana hodari wa hesabu wakilia mbele ya koni hiyo.

Basi wazazi wa kambi, ambao walizoea kugawana zamu za mgodini, waligawana na masomo vilevile. Kila mwaka, kabla ya Pasaka, walikuja darasani na watoto wa mwaka wa sita, na tukagawa milango. Fulani mlango wake ni Tiba, fulani Sheria, fulani Jiolojia, ili watoto wa kambi moja wasigombee nafasi moja wenyewe kwa wenyewe. Aliyepewa mlango alipewa na vitu vyake: masaa ya mwalimu baada ya shule, vitabu, na kwa Politekniki, seti moja nzuri ya vyombo vya kuchorea tuliyokuwa nayo. Na kanuni ilikuwa moja. Mlango ukishapewa ni wako mpaka uutoe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya watu, ukimtaja unayempatia. Hakuna baba, hakuna prefe, yaani mkuu wa shule, aliyeweza kukunyang'anya.

Kulikuwa na vituko. Mvulana mmoja alipopewa Kilimo aliugua wiki nzima, na baba yake akaja kuniuliza kama nimemloga. Leo ana mashamba upande wa Tenke na ananiletea nyanya, lakini bado hanisalimii vizuri. Kwa jumla, desturi ile ilitusaidia. Karibu kila mwaka tulimwingiza mtu mahali fulani, na mara chache, Politekniki.

Ngalula alikuwa binti ya Prof Kabeya. Nilimfundisha kuanzia mwaka wa tatu. Alikuwa msichana mkimya, mkaidi, mwenye kung'ata kucha, na hakuwa akifuta. Akikosea anachora upya pembeni, la zamani analiacha. Kijana aliyekaa naye dawati moja, Monga, alifuta mpaka karatasi ikatoboka, na Ngalula alikuwa akimwambia kwa upole, "Usifute. Ukifuta hautajua ulipotelea wapi." Familia zao zilipakana ua kwa ua. Mama yake Monga aliongoza kwaya ya kanisa letu, na nyumba hizo mbili zilikopeshana chumvi na makaa tangu watoto hao hawajaota meno.

Mkutano wa milango ulipofika, hapakuwa na mabishano. Tata Ngoy, kapita mstaafu, yaani mnyapara wa mgodini, aliyesimamia mikutano yetu, aliuliza Politekniki ni ya nani, na darasa zima likamtazama Ngalula. Alisimama akasema, "Minaitaka." Monga akawekwa wa pili, endapo mwenye mlango atautoa. Mama yake alipiga makofi kama wengine. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi na sikuwa nimewahi kuwa na uhakika wa mtoto yeyote. Kwa huyu nilikuwa nao.

Mnajua kilichofuata, au mmesimuliwa. Mashine zilikuwa zimesimama moja baada ya nyingine, ving'ora vya zamu vikanyamaza, na wanaume walioamka alfajiri maisha yao yote wakawa wanaamka alfajiri kukaa barazani. Watu wenye njaa walianza kutafuta ni nani aliyewala. Wenye siasa wakapita na kuwapa jibu: ni Wakasai. Vijana wakaanza kuimba barabarani kwamba bilulu watoke, yaani wadudu. Mimi niliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza nilidhani wanazungumzia nzige. Nilimuuliza mwanafunzi wangu mmoja ni bilulu gani, akanijibu bila kupepesa macho, "Ba Prof Kabeya, mama." Nilisimama pale barabarani na chaki mkononi.

Waliwatoa katika nyumba zao mtaa baada ya mtaa. Kabeya na familia yake walitolewa asubuhi moja, watu wakiwa wanaona. Jirani yao wa ua kwa ua alifunga dirisha. Wote walielekea stesheni ya treni, kwa sababu reli ndiyo njia iliyokwenda Kasai, kupitia Tenke na Kamina, na huko stesheni wakakaa, maelfu ya watu, wakingoja treni isiyo na ratiba. Walijitengenezea vibanda vya mabati, mashuka na meza za kulia. Darasani kwangu madawati yalikuwa matupu kwa mafungu, na waliobaki walijisogeza mbele bila kuambiwa.

Nilikwenda stesheni na bukari na sombe, ugali na majani ya muhogo, kwenye bakuli, na chini ya kitenge nilificha vyombo vya kuchorea. Nilimkuta Kabeya amewakusanya watoto, anawafundisha kwa mkaa juu ya bati. Ngalula alikuwa amelaza sanduku la nguo kama meza. Mtihani wa Politekniki ulikuwa unakaribia, na mwaka ule mtahini alikuwa anakuja Kolwezi mwenyewe, kwenye ukumbi wa parokia. Nilimpa vyombo. Alivipokea kwa mikono miwili, akavipanga, akaniomba nimpe koni ngumu.

Prefe wetu aliitisha tena mkutano wa wazazi, kwa sababu, alisema, milango mingi imebaki bila watu. Alianza kwa sala. Niliingia nikiwa na hasira, nikakaa karibu na dirisha. Tata Ngoy alitaja Tiba, ikapewa mwingine. Akataja Jiolojia, ikapewa mwingine. Hakuna aliyewataja wenye milango hiyo kwa majina.

"Politekniki," akasema Tata Ngoy. "Ile iko bule, haina muntu."

"Monga njo alikuwa wa pili," alisema mama yake. "Bamupatie."

Nikasimama. "Haiko bule. Mwenyewe hajaitoa. Eko ku gare ya treni, na muko najua eko ku gare."

Kimya kiliingia. Nilifurahi nilipokiona kimya hicho, kwa sababu nilidhani ni aibu. Nilidhani sasa mtu mmoja atainamisha kichwa na kusema, ndugu zangu, tumefanya nini. Tata Ngoy alijikuna kidevu kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya mtu mwenye haki:

"Mama Prof anasema bya kweli. Mulango haichukuliwe, mpaka mwenyewe aitoe. Tuende ku gare tumulombe."

Na wote, nawaambieni wote, wakashusha pumzi. Mama Monga aliitikia kwa kichwa. Baba mmoja akasema ndiyo, lazima mambo yafanywe sawasawa. Nilipigwa na butwaa. Nilitazama uso mmoja mmoja nikitafuta anayetania, sikumpata. Watu walewale waliotazama majirani zao wakibeba magodoro kichwani, wasiseme neno, sasa walikuwa na wasiwasi wa kweli kwamba desturi itavunjwa. Kumfukuza mtoto hawakuona shida. Kuchukua mlango wake bila ruhusa yake, hapo walisita.

Nilikwenda nao. Nilitaka aone japo uso mmoja anaoujua katika upuuzi ule. Walivaa nguo za Jumapili. Mama Monga alibeba beseni la unga lililofunikwa kitenge, kwa kuwa huendi kumwomba mtu kitu mikono mitupu, na Monga alifuata nyuma akitazama viatu vyake.

Kabeya alituona kutoka mbali. Alisimama, akafunga kifungo cha koti lake, akatusogezea masanduku.

"Mwikale," alisema. "Haina nyumba, lakini mwikale."

Tukakaa. Wakaulizana habari za afya. Tata Ngoy akakohoa, akaanza.

"Prof, unatujua. Hatukukuya na mambo ya politiki. Tulikuya juu ya mulango. Binti yako anaenda, na mulango ikibakia bule mwaka muzima, ni mubaya kwa shule. Tunamulomba aitoe kwa mudomo yake, njo ikuwe muzuri."

Kabeya akanigeukia mimi. "Mama Prof, banalomba kweli?"

"Banalomba," nikamjibu.

"Basi mi sina mulango," akasema. "Mwenye mulango ni ule."

Ngalula alikuwa ameshasimama. Alijifuta mikono yenye mkaa kwenye sketi. Hakuonyesha hasira, na hilo lilinitisha kuliko hasira.

"Tata Ngoy, mi sijaenda. Treni haijafika. Ile siku ya concours minataka kufanya ule mtihani. Lakini bavijana bamefunga njia na barrière, bakiniona batanipiga. Unipitishe. Nikianguka, mulango ni ya Monga. Treni ikikuya mbele ya kumaliza, nitaitoa palepale."

"Na ukiachwa na treni?" aliuliza mama yake Ngalula kutoka nyuma ya bati. "Utalala wapi? Kwa nani?"

Alipouliza hivyo alimtazama Mama Monga. Mama Monga alikuwa anakunja vizuri kitenge cha beseni lake. Aliendelea kukikunja mpaka swali likapita.

"Mutoto anasema sawasawa na desturi," alisema Tata Ngoy hatimaye. "Nitakuya kumuchukua."

Na alikuja. Siku ya mtihani alifika stesheni amevaa suti yake ya kustaafia, tukaondoka, yeye mbele, Ngalula katikati yangu na Monga. Kwenye kizuizi cha barabarani, kijana aliyeshika rungu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, tena mzuri, aliyekuwa anachora mistari iliyonyooka kabisa. Hakunitazama.

"Tata, hii kilulu inaenda wapi?"

"Anaenda ku mulango yake," Tata Ngoy alimjibu. "Toka."

Kijana akatoka njiani. Nilisubiri mzee aseme neno lingine, kwamba huyu ni mtoto wetu, kwamba huyu ana jina. Hakusema, tukapita.

Mtahini kutoka Lubumbashi alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani, na alipoona ukumbi alidhani amekosea siku. Viti vingi vilikuwa vitupu. Watahiniwa wa shule nyingine walikuwa wamefukuzwa pia, au wameshaondoka na treni zilizotangulia. Aliniomba nimsaidie kugawa karatasi, na kwa kuwa viti vilikuwepo, akamruhusu Monga naye akae. Tata Ngoy alibaki nje, chini ya dirisha.

Hesabu zilikwisha. Kuchora kukaanza. Ilikuwa koni, iliyokatwa mshazari, juu yake kuna tundu la duara linaloipenya ubavuni. Nilipoiona nilitamani kukaa. Ngalula aliitazama bila kugusa penseli, muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa. Kisha akaanza, na hakusimama. Nilipita nyuma yake mara moja tu, kwa kuwa nilijua nikipita mara ya pili nitalia. Sijawahi kuona koni ikitoka vile mikononi mwa mtu.

Treni ikapiga honi.

Reli inapita karibu na parokia, hapakuwa na namna ya kutoisikia. Wote tuliinua vichwa isipokuwa mtahini, ambaye hakujua honi ile ina maana gani. Ngalula alitazama dirisha, akachora mstari mmoja. Honi ikalia tena. Akachora mwingine. Karatasi ilikuwa bado, upande wa ubavuni haujafungwa. Aliweka penseli chini, akasimama, akasema kwa sauti ya mkutano:

"Mulango ya Politekniki, minaitoa. Minamupatia Monga."

"Mlango gani?" aliuliza mtahini.

Ngalula alisukuma seti ya vyombo mpaka kwenye meza ya Monga, kwa sababu vyombo huenda na mlango, akatoka. Nje nilisikia viatu vya Tata Ngoy vikimfuata. Nilikimbilia dirishani nikawaona, msichana mbele, mzee nyuma na suti yake, wakikatiza uwanja wa parokia kuelekea relini. Monga hakugusa vyombo. Alikaa akitazama karatasi yake mpaka muda ukaisha. Mtahini alizikusanya zote, pamoja na ile ambayo haikumalizwa, nami sikumweleza habari za milango.

Tata Ngoy alirudi shuleni mchana, amelowa jasho, suruali imechanika gotini. "Alipanda," aliniambia. "Juu ya mizigo. Baba yake alimuvuta mukono." Akakaa kwenye ngazi, akavua kofia. Nilimpa maji.

Majibu yalikuja baada ya wiki kadhaa. Prefe alitukusanya akatuambia kwamba katika mkoa wetu Politekniki imepokea wachache sana mwaka ule, na kwamba kutoka shule yetu imempokea mmoja. Akataja jina. Ngalula. Alama za hesabu zilikuwa za juu kabisa, na kuchora, hata bila kumaliza, kulitosha. Nilishika ukingo wa meza. Mwalimu mmoja akaanza kupiga makofi, kisha akakumbuka, akaacha mikono yake hewani.

Jioni ile Mama Monga alibisha nyumbani kwangu. Nilidhani amekuja kulia. Alikataa kukaa.

"Mama Prof, nieleze. Alimupatia Monga mulango. Kwa mudomo yake, mbele ya bantu. Weye ulikuwako. Sasa namna gani banaita jina yake?"

"Mama, ile ni mtihani. Wanahesabu alichoandika."

"Lakini alishaitoa."

Aliamini kweli. Hakuwa analaghai. Alikuwa na machozi machoni, ya mtu aliyedhulumiwa. Mwanawe mwenyewe alishamwambia hataki, kwamba hata akibembelezwa hataingia. Alikuwa amekuja kwangu ili mimi nimrudishie haki yake. Nilimwambia aende nyumbani. Baada ya hapo tuliimba kwaya moja miaka mingi, yeye akiongoza, na kila alipoinua mkono nilijiuliza mwanamke huyu amejengwa kwa kitu gani. Mimi na yeye hatujawahi kulizungumza tena.

Nafasi ile haikuchukuliwa na mtu. Mwaka uliofuata tuliitisha mkutano wa milango, na baba mmoja akasema kwa furaha kwamba sasa nafasi zote ni zetu. Akazitaja moja baada ya nyingine. Hatukuwa na mwalimu wa hesabu. Hatukuwa na wa kemia pia. Tulimpata kijana aliyeandika ubaoni kile alichokisoma usiku uliotangulia, na watoto wakaanguka katika kila somo, hata Lugha. Wazazi walishangaa sana. Nilishangazwa na mshangao wao. Polepole waliacha kuja, na milango ikaisha hivyo, bila mtu kuitangaza.

Nilijaribu kumpelekea Ngalula habari. Niliandika kupitia mapadri wa Kamina, kupitia mchungaji, kupitia mhudumu wa treni. Hakuna kilichorudi. Wakasai walipoanza kurudi Kolwezi kufanya biashara, nilimuuliza kila mmoja sokoni, mpaka wauzaji wakanizoea. Kabeya, waliniambia, hakumaliza mwaka wa kwanza huko. Alikufa kwa kifua. Kuhusu binti yake hawakujua.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, mama mmoja mwenye magunia ya maharage kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, aliposikia jina aliacha kupima.

"Ngalula ya Kabeya? Ule mwalimu? Anafundisha batoto badogo, batoto bangu balipita kwake." Akatabasamu. "Yeye njo anasemaka: mi nilianguka concours ya Politekniki, sikumaliza kuchora, njo maana niko na nyinyi hapa. Batoto banachekaka."

Nilikaa juu ya gunia lake bila kuomba. Nilimwomba arudie, akarudia. Kisha nikamweleza kwamba hakuanguka. Nilimweleza kwamba jina lake lilitajwa, peke yake, shule nzima, na kwamba nafasi yake ilikaa ikimngoja mpaka mwaka ukaisha. Yule mama alinitazama, akaacha kutabasamu, akafunga mdomo wa gunia.

"Mama, minarudi kesho," alisema. "Nimwambie, ao niache? Alishazoea."

Ninyi mliniomba siri ya Politekniki, na mimi nimewaletea swali lile, kwa sababu halijanitoka. Niliwaza miaka yote aliyosimama mbele ya watoto wadogo akijitaja kama mfano wa mtu aliyeshindwa. Niliwaza pia atakavyolala usiku wa kwanza baada ya kujua.

"Umwambie," nikasema. "Mwambie Mama Prof amesema alifaulu."

Msimu uliofuata mama wa maharage alirudi. Nilimfuata nikamuuliza alisema nini. Aliendelea kupima maharage ya mteja mpaka akamaliza, akajifuta mikono.

"Hakusema kitu," alinijibu. "Alikuwa anafundisha mu classe. Aliwambia batoto batoke inje bacheze, akafunga mulango."